Shajara ya mradi: kuongeza chumba, bafu na stoo nyuma ya nyumba, Nyamasaria, Kisumu

Oktoba, wiki ya kwanza: plot, bomba na dirisha

Nyumba iliyopo ni ya vyumba vitatu, kuta za mawe, paa la mabati, kwenye plot ya futi 50 kwa 100. Kinachoongezwa ni chumba cha kulala chenye bafu lake, pamoja na stoo. Nafasi iliyobaki ni nyuma tu, upande wa magharibi. Kwa nje nyongeza ni mita 5.0 kwa 4.6, yaani mita za mraba 23. Nyumba ya zamani inashika 95. Zikijumlishwa ni 118 kati ya 464 za plot nzima, robo na ushei, kwa hiyo plot haijabanwa.

Vilivyobana ni vitu viwili ambavyo havionekani ukisimama uani. Cha kwanza ni bomba la maji taka, linalopita katikati kabisa ya mahali chumba kinapotakiwa kukaa, na manholi yake hapo hapo. Cha pili ni dirisha. Nyongeza inafunika dirisha la magharibi la chumba cha zamani cha pembeni, na chumba kisicho na dirisha la nje si chumba cha kulala mbele ya mkaguzi yeyote. Michoro mingi ya nyongeza hurudishwa kwa sababu hiyo moja: mchoraji anashughulikia chumba kipya na kusahau kile anachokiziba pumzi.

Yote mawili yametatuliwa kwenye karatasi. Bomba linazungushwa upande wa kusini, mita 12 hadi tanki la septiki. Kwa mteremko wa 1 kwa 40, mita 12 zinahitaji kushuka milimita 300. Tulipima kina cha bomba linapotoka nyumbani na kina cha mdomo wa septiki: tofauti ni milimita 350, inatosha. Isingetosha, tungeshuka hadi 1 kwa 60, yaani milimita 200, lakini hapo fundi lazima awe mwangalifu sana na pima maji, maana kosa dogo hufanya maji yatuame. Kila kona inapata manholi. Msingi mpya utakaa mita 3.4 kutoka ukuta wa septiki, na njia imeachwa ya mpira wa gari la kunyonya maji taka kufika.

Chumba cha zamani kiko kwenye pembe, kwa hiyo dirisha jipya la mita 1.2 kwa 1.2 linafunguliwa ukuta wa kaskazini. Dirisha la mwisho wa korido linageuzwa mlango wa kuingilia upande mpya. Hapo kazi ni nyepesi: linta ya zamani inabaki mahali pake, kinachokatwa ni ukuta ulio chini ya dirisha tu.

Oktoba, wiki ya pili: kibali

Kuna imani kwamba nyongeza ya nyuma, isiyoonekana barabarani, haina haja ya kibali. Sheria ya Mipango ya Maeneo na Matumizi ya Ardhi ya 2019, kifungu cha 57, haiulizi kama jengo linaonekana. Anayeendeleza ardhi bila kibali cha kaunti anaweza kutozwa faini isiyozidi shilingi 500,000, au kufungwa kwa muda usiozidi miezi miwili, au vyote viwili, na anaweza kuamriwa arudishe ardhi kama ilivyokuwa. Hilo la mwisho ndilo ghali.

Bahasha iliyoandaliwa ina nakala ya hati miliki na matokeo ya upekuzi wa karibuni katika ofisi ya ardhi. Cheti cha kulipia kodi ya plot. Ramani ya upimaji inayoonyesha mipaka. Michoro ya msanifu aliyesajiliwa na BORAQS, bodi ya wasanifu majengo na wakadiriaji. Na michoro ya miundo yenye sahihi ya mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Wahandisi. Mpango wa plot umechorwa kwa skeli ya 1:200, nyumba kwa 1:100, na kiungo kati ya ukuta wa zamani na mpya kwa 1:20. Kuta zilizopo ni nyeusi, mpya ni nyekundu, zinazobomolewa zina mistari ya vipande. Anayepitia mchoro akilazimika kukisia kipi ni kipya, ataurudisha, na ana haki.

Jina kwenye hati lifanane na jina kwenye ombi. Familia nyingi zinakaa kwenye plot ambayo hati bado ina jina la marehemu mzee, na mirathi haijakamilika. Hapo hakuna mchoro utakaosaidia. Suala hilo litangulie mengine yote.

Kanuni ya Taifa ya Majengo ya 2024 ilianza kutumika Machi 1, 2025, ikachukua nafasi ya ile ya 1968. Ukinunua mchoro wa tayari, soma maelezo ya pembeni. Ikiwa bado yanataja kanuni ya 1968, basi hakuna aliyeupitia tangu hapo.

Kifungu cha 58 cha sheria ya 2019 kinasema mwombaji asipopata jibu la maandishi ndani ya siku 60, kibali kinahesabiwa kimetolewa. Tusingemshauri mtu achimbe msingi kwa kuegemea hilo. NCA, Mamlaka ya Taifa ya Ujenzi, husajili mradi kwa kuona michoro iliyopitishwa, na ukimya hauna muhuri. Ukikataliwa, rufaa hupelekwa kwenye kamati ya kaunti inayosikiliza malalamiko ya mipango, ndani ya siku 14 tangu uamuzi. Siku hizo huisha upesi kwa mtu anayesubiri kuambiwa sababu kwa mdomo.

Usajili wa NCA unadai pia mkandarasi mwenye leseni hai. Fundi mzuri asiye na leseni anaweza kufanya kazi chini ya mkandarasi, lakini jina kwenye fomu na kwenye ubao wa mradi ni la mwenye leseni, naye ndiye atakayeulizwa.

Oktoba, wiki ya nne: joto

Kenya haina cheti cha lazima cha nishati kwa nyumba ya makazi, kama kile cha Uingereza chenye herufi A hadi G. Nyota tunazoziona dukani kwenye friji na viyoyozi zinatokana na kanuni za 2016 za vifaa vya umeme, hazihusu kuta. Kilicho karibu ni EDGE, mfumo wa kupima majengo wa IFC, shirika la Benki ya Dunia, ambao unataka jengo liokoe angalau asilimia 20 ya nishati, asilimia 20 ya maji, na asilimia 20 ya nishati iliyofungwa ndani ya vifaa vya ujenzi. Kulipia cheti kwa mita za mraba 23 hakuna maana. Programu yake ya hesabu lakini ni ya bure, na inafaa kulinganisha mapaa mawili kabla hujanunua bati moja.

Kisumu iko karibu kabisa na ikweta. Adhuhuri jua liko utosini au linakaribia, kwa hiyo joto huingilia paani. Alasiri jua linashuka magharibi na kupiga ukuta ule bila kizuizi chochote. Kaskazini na kusini ndizo pande rahisi. Mnamo Juni na Desemba, jua la adhuhuri linaegemea takriban digrii 23.5 kutoka wima. Upenu wa sentimita 60 wakati huo hutupa kivuli cha mita 1.38 kwenye ukuta, kinachofunika dirisha la mita 1.2 karibu lote. Kwa upande wa magharibi upenu hata wa mita nzima hausaidii, maana jua la saa kumi na moja linaingia chini yake.

Kwa hiyo ramani iligeuzwa. Mchoro wa kwanza ulikuwa na dirisha kubwa la chumba upande wa magharibi, kwa ajili ya upepo wa ziwa. Sasa bafu na stoo ndizo zimekaa magharibi, utepe wa upana wa mita 1.5, na chumba kimejificha nyuma yake. Bafu ni mita 1.5 kwa 2.4, stoo 1.5 kwa 1.65, chumba 3.15 kwa 4.2, yaani mita za mraba 13.2. Chumba kina madirisha mawili yanayotazamana, kaskazini na kusini, kila moja mita 1.5 kwa 1.2. Jumla ni mita za mraba 3.6, wakati sehemu ya kumi ya sakafu, kipimo cha kawaida cha mwanga, ni 1.32 tu. Tumezidisha makusudi. Hapa malaria ni ya mwaka mzima, kila dirisha litapata wavu wa mbu, na wavu hupunguza sana upepo unaopita. Anayepiga hesabu ya dirisha bila wavu atalala na jasho.

Paa limefanyiwa hesabu ya karatasi. Bati la rangi nzito juani hufika digrii 60 bila shida. Chukua chumba cha digrii 30, tofauti ni 30. Bati tupu lisilo na siling'i linaingizia chumba hiki cha mita 13.2 takriban wati 2,300. Ukiweka siling'i bodi yenye nafasi ya hewa juu yake, zinashuka hadi karibu 920. Ukiongeza pamba ya kioo ya milimita 50 juu ya siling'i, zinabaki kama 240. Safu hiyo moja ya pamba, inayowekwa kwa nusu siku, inazuia kama wati 680 ambazo kiyoyozi kingetumia umeme kila mwezi kuziondoa. Bati la rangi nyepesi linapunguza joto la kuanzia lenyewe. Mwenye nyumba alitaka rangi ya maruni ilingane na paa la zamani. Tumekubaliana rangi ya maziwa upande mpya. Kutoka barabarani haionekani.

Novemba: shimo la majaribio

Shimo la mita 1 kwa 1 limechimbwa mahali pembe ya kusini-magharibi itakapokaa, mbali na msingi wa zamani. Udongo mweusi unafika mita 1.1, kisha linafuata tabaka gumu la kahawia ambalo sururu hulichubua tu. Msingi wa nyumba ya zamani, ulipofunuliwa kidogo pembeni, uko mita 0.9.

Udongo mweusi wa uwanda wa Kano huvimba ukilowa na kusinyaa ukikauka. Kiangazi nyufa zake zinameza mkono. Uzito wa nyumba ya chini ni mdogo mno kuuzuia usivimbe, ndiyo maana unainua sakafu katikati na kuacha pembe chini, au kinyume chake. Kuongeza vyuma kwenye slabu iliyolala juu yake ni kupoteza vyuma. Dawa ni kuuondoa.

Hatuchimbi sasa. Mvua za vuli bado zipo, na shimo la udongo mweusi likijaa maji kuta zake huporomoka na sakafu yake hulegea, hata ile ngumu.

Januari, wiki ya pili: kuchimba na msingi

Kibali kimo mkononi, usajili wa NCA umekamilika, ubao umesimama. Taarifa ya kuanza imepelekwa kaunti kwa maandishi, pamoja na ombi la ukaguzi wa mtaro kabla ya zege. Ukaguzi huo usirukwe hata ukichelewa. Zege likishamwagwa hakuna anayeweza kuthibitisha kina, na cheti cha mwisho kitakwama hapo.

Hatari ya hatua hii ni msingi wa zamani. Mtaro mpya unashuka mita 1.2, ule wa zamani uko 0.9. Ukichimba kando yake kwa urefu wote, unauacha ukining'inia. Nyongeza hii haina ukuta mpya unaokwenda sambamba na ule wa zamani; kuta mbili tu zinaugusa kwa ncha. Kwenye ncha hizo mtaro unachimbwa na kumwagwa zege siku hiyo hiyo, upande mmoja kwanza, wa pili baada ya wa kwanza kukauka. Ndani, chini ya sakafu, udongo mweusi unaondolewa wote, isipokuwa ukanda wa mita 1 kando ya nyumba ya zamani. Hapo hatushuki chini ya 0.9.

Msingi wa ukanda ni upana wa milimita 600, unene 200, urefu mita 14.2 kwa kupima katikati ya kuta. Zege ni mita za ujazo 1.7, mchanganyiko wa 1:2:4: mifuko 11 ya saruji, mchanga karibu mita za ujazo 0.8, kokoto za milimita 20 karibu 1.5. Vyuma vitatu vya D12, yaani vya kipenyo cha milimita 12, vinakwenda kwa urefu, vipande vinne vya mita 12 vinatosha pamoja na maungio ya milimita 600. Vya kukatiza ni D10 kila milimita 200, vipande 71 vya nusu mita, yaani vyuma vitatu vizima. Vyote vinakaa juu ya vipande vya zege vya milimita 50. Mawe na vijiti vya kuinulia chuma vimekataliwa: kijiti huoza na kuacha njia ya maji.

Maji ya zege ni lita 25 hadi 28 kwa mfuko, yapimwe kwa ndoo yenye alama. Mpira wa maji ukiachwa ndani ya mchanganyiko, zege linakuwa uji na nguvu yake inashuka, hata kama mifuko imehesabiwa sawa. Zege humwagwa asubuhi, maana radi za Kisumu hupenda alasiri na jioni.

Kwenye kila ncha inayokutana na nyumba ya zamani kuna nguzo nyembamba ya milimita 200 kwa 200, vyuma vinne vya D12, kutoka msingini hadi bimu ya juu. Sababu iko kwenye kiungo, chini.

Januari, wiki ya nne: kujaza na slabu

Maramu iliyoshindiliwa inayohitajika ni karibu mita za ujazo 20. Ikiwa bado haijashindiliwa, agiza 26. Inawekwa kwa tabaka za milimita 150, kila moja ikipigwa kwa mashine kabla ya nyingine kufuata. Unyevu unapimwa kwa kiganja: ukiifinya inashikana, ukiifungua mkono hauna maji. Udongo uliochimbwa hauruhusiwi kurudi popote, hata nje ya kuta, na hapa ndipo vibarua hudanganya, kwa kuwa kuuzoa tena ni kazi. Usombe uondoke kwenye plot kabla maramu haijafika.

Dawa ya mchwa inapulizwa juu ya maramu, kisha polithini ya geji 1000 inatandikwa na kukunjwa milimita 150 kwenye kuta. Kando ya nyumba ya zamani dawa imepulizwa mara ya pili, kwa sababu mchwa wa huku hawatoboi slabu. Hupanda kwenye ufa kati ya slabu mbili na kutokea nyuma ya kabati.

Slabu ni milimita 125, zege mita za ujazo 2.5, mifuko 17 ukihesabu upotevu, na wavu wa chuma wa BRC A142 ulioinuliwa usilale kwenye polithini. Kuna wanaotandika BRC chini na kuuinua kwa ndoano zege likiwa tayari limemwagwa. Haufiki juu, nusu yake hubaki chini na wanaokanyaga huirudisha iliyobaki. Zege limefunikwa kwa magunia yenye maji kwa siku 7.

Februari: kuta na kiungo

Kuta ni bloku za milimita 390 kwa 190 kwa 190. Eneo baada ya kutoa madirisha, na ukijumlisha pembetatu ya ukuta wa magharibi iliyo chini ya paa, ni mita za mraba 36. Kwa bloku 12.5 kila mita, ni 450, tukaongeza 25 za kuvunjika. DPC ya lami, utepe wa kuzuia unyevu usipande ukutani, iko milimita 150 juu ya ardhi, na imeunganishwa na polithini ya slabu. Ikiachwa bila kuunganishwa, unyevu unapitia katikati na rangi ya chini hububujika.

Kiungo sasa. Desturi ya mafundi wengi ni kutoboa ukuta wa zamani kama meno na kung'atisha bloku mpya humo, wakiamini hiyo ndiyo nguvu. Nyumba ya zamani imeshamaliza kutulia, mpya bado. Itashuka milimita kadhaa miaka ya mwanzo, na kwa udongo huu itaendelea kucheza kidogo kila msimu. Ukuta uliong'atishwa hauna jinsi ila kupasuka, na ufa hufuata meno yale yale kwa ngazi hadi juu. Kwa hiyo kuta hazigusani. Kuna nafasi ya milimita 20 kuanzia msingini hadi paani, iliyojazwa ubao laini unaobanika, na mdomo wake umezibwa kwa gundi ya poliyurethani inayonyumbulika, ndani na nje. Nguzo nyembamba za mwezi uliopita ndizo zinazoshika ncha za kuta hizi zisiyumbe, kwa kuwa hazina pa kuegemea.

Nafasi hiyo iheshimiwe na kila anayefuata. Mpiga lipu akiipita juu kwa lipu ya saruji, ameifuta. Kizingiti cha mlango kina utepe wa alumini uliofungwa upande mmoja tu. Konishi ya siling'i imepigiliwa upande mmoja vilevile. Nyaya zinazovuka zimepita kwenye mpira unaojikunja, zikiwa na ulegevu.

Dirisha jipya la chumba cha zamani lilifunguliwa kabla lile la magharibi halijazibwa. Linta ni ya zege iliyomwagwa chini, urefu mita 1.6, ili ilale milimita 200 kila upande. Ukuta ulipigiwa egemeo, ukakatwa nusu ya unene kwa ndani, linta nusu ikaingia na kushindiliwa kwa saruji kavu. Kisha nusu ya nje. Anayetoboa tundu zima kwa mpigo mmoja anaomba mabati ya juu yashuke.

Bimu ya juu ni milimita 200 kwa 200, D12 nne, ringi za D8 kila 200. Linta na bimu zimekwenda pamoja upande wa kaskazini na kusini.

Machi, wiki ya kwanza: paa

Jaribu la kila mtu ni kuegesha mabati chini ya upenu wa zamani, mteremko mmoja hadi nyuma. Hesabu inakataa. Kwa mteremko wa digrii 10, mita 5.6 zinahitaji kushuka karibu mita 1. Upenu wa zamani uko mita 2.7. Ukuta wa nyuma ungebaki mita 1.7. Ndipo watu hupunguza mteremko hadi digrii 3, na mvua ya upepo hurudi nyuma kwenye maungio.

Paa jipya lina miteremko miwili, digrii 20, mgongo wake ukielekea mashariki na kupanda juu ya paa la zamani. Bati moja la mita 3.1 linafika toka mgongoni hadi upenuni bila kuunganishwa. Nyongeza imeingizwa mita 1.0 kutoka pembe ya nyumba makusudi, ili mfereji wa kukutania mapaa usiangukie ukingoni. Mifereji hiyo miwili ndiyo sehemu itakayovuja ikiwa itavuja. Inabeba pia maji ya paa la zamani lililo juu yake. Bati la mfereji ni upana wa milimita 450 na linaingia milimita 150 chini ya mabati kila upande. Limepigiliwa kingo tu, katikati hakuna tundu hata moja. Majani ya mwembe wa jirani yatolewe kabla ya kila msimu wa mvua.

Kwenye pembetatu ya magharibi kuna matundu mawili ya milimita 300 kwa 300 yenye wavu, hewa ya darini itoke. Upenu umezibwa kwa bodi; uwazi kati ya ukuta na mabati ndio mlango mkuu wa mbu wa malaria. Paa la zamani lingekuwa la asbestosi, kazi hii isingeanza kwa nyundo: kulikata au kulitoboa kunatoa vumbi hatari, na kuliondoa kuna taratibu za NEMA, mamlaka ya mazingira.

Gata zinamwaga kwenye tanki la lita 5,000. Paa jipya ni mita za mraba 31. Kwa mvua ya takriban milimita 1,300 kwa mwaka, na ukitoa sehemu ya tano inayopotea, ni lita 32,000. Tanki likifurika, bomba linapeleka maji mita 3 mbali na msingi. Kuzunguka kuta kuna baraza ya zege ya mita 1 inayoteremka nje. Udongo mweusi ulio ng'ambo yake bado upo, na usinyweshwe.

Machi, wiki ya tatu: maji moto na umeme

Kanuni za 2012 za kupasha maji kwa jua ziliweka kizingiti cha lita 100 za maji moto kwa siku kwa jengo, na kutaka jua litoe asilimia 60 ya mahitaji ya mwaka. Kwa makazi zilihesabu lita 30 kwa mtu. Nyumba hii sasa ni ya watu watano, lita 150. Nyongeza ndiyo imeivusha, ndiyo maana tunapima nyumba nzima na si bafu jipya peke yake. Kupasha lita 150 kutoka digrii 22 hadi 60 ni uniti 6.6 za umeme kila siku. Asilimia 60 yake ni 4.

Tanki la lita 200 likijaa linakaribia kilo 280 pamoja na fremu. Kenchi mbili zimeongezwa chini yake, nalo limekaa juu ya ukuta wa bafu, si katikati ya chumba. Uamuzi huo ulikuwa kwenye mchoro wa mhandisi tangu Oktoba. Tanki linalopandishwa baadaye juu ya kenchi za kawaida hupindisha paa taratibu, na mfereji ndio unaofunguka kwanza.

Shawa ya umeme ya akiba ni kilowati 5.5, ampea 23. Ina waya wake wa milimita za mraba 6 kutoka kwenye boksi, breka ya ampea 32, na swichi inayokata nyaya zote mbili, nje ya bafu. Breka ya kuvuja umeme ya miliampea 30 inalinda upande wote mpya. Fundi umeme ana leseni ya EPRA, mamlaka ya nishati na petroli, na cheti chake cha majaribio kimewekwa kwenye faili. Fimbo ya ardhi imepigwa upya. Ile ya zamani ilikuwa imeliwa na kutu hadi unene wa penseli.

Aprili: yaliyobaki

Ombi la cheti cha ukaaji limepelekwa, likiwa na kumbukumbu za ukaguzi wa mtaro, slabu na maji taka, barua ya mhandisi, na cheti cha umeme. Bomba la maji taka lilijaribiwa kwa kuzibwa chini na kujazwa maji kabla ya kufukiwa, kiwango hakikushuka.

Ukuta wa nje wa magharibi unasubiri rangi nyeupe, baada ya lipu kukauka vizuri. Vipande viwili vya kioo vimegundishwa juu ya kiungo, kimoja chini na kimoja karibu na bimu, kila kimoja na tarehe, ili mwendo usomwe mwisho wa masika na tena Januari udongo ukiwa mkavu. Gundi ya kiungo itakaguliwa siku hizo hizo; ikiwa imeachana na ukuta zaidi ya milimita 2 mahali popote, itakatwa na kujazwa upya.